Mzingo wa Bi Mshazari

2 Machi, Jumamosi

Mvua imeanza, na sisi tumeanza. Kila masika tunashona mfarishi mmoja, blanketi la viraka, kwa sababu wakati wa jua kila mtu ana mambo yake, na mvua ikishika hakuna pa kwenda. Tunakutana Jumamosi alasiri nyuma ya karakana ya fundi wa makochi, katikati ya viti vilivyopasuliwa matumbo, na mabati yakianza kupigwa inabidi tuongee kwa kupayuka.

Tuko wanne. Fundi mwenyewe, mwanamume pekee kati yetu, mpole hadi anakera. Mwalimu wa hesabu, mstaafu, ambaye haachi rula nyumbani hata akienda msibani. Bi Mshazari, mkubwa wetu, aliyepata jina hilo kwa sababu hajawahi kukata kitambaa kwa kufuata uzi wake. Kila kipande hukikata mshazari, kona hadi kona, na kikikaa mahali pake kinaonekana kama kinataka kuondoka. Wa nne ni mimi, dobi wa hospitali. Wao wananiita Pasi. Mchana kutwa ninapiga pasi mashuka ya wagonjwa kwa mshahara, halafu ninapiga pasi viraka vyetu kwa raha zangu.

Utaratibu wetu ni huu. Tunatandika shuka moja la msingi. Mmoja anashona viraka vya kitovu, katikati, kisha anampa wa pili azungushe mzingo wake, halafu wa tatu, halafu wa nne. Kila mtu anashonea kwake, kwa mkono, na hakuna kuulizana unaweka nini. Mwishoni ndipo tunatia pamba na bitana. Sheria ni moja tu: hakuna kufumua kazi ya mwenzio. Ukikuta manjano na wewe manjano huyataki, utajua mwenyewe utakaa nayo vipi. Sheria hiyo aliitunga Bi Mshazari kabla mimi sijajiunga.

Mwaka huu Mwalimu ametuandikisha kwenye maonyesho ya kazi za mikono, ukumbi wa maktaba, mwezi wa tano. Mimi sikuulizwa. Nimesema hivyo, akanijibu kwamba nilikuwa nikicheka na Fundi wakati anauliza.

Na leo Bi Mshazari amekuja kwa mara ya kwanza tangu apate kiharusi. Mkono wa kulia umelala. Binti yake alimleta, akatuvuta pembeni, akatuambia mama amekuja kukaa tu, kubadilisha hewa. Masika yakiisha anamhamishia kwake, chumba kinarudishwa kwa mwenye nyumba, na cherehani imeshapata mnunuzi. Aliyasema yote hayo hatua chache kutoka kwa mama yake, kama vile kiharusi kimepiga masikio.

Bi Mshazari alimwacha amalize. Kisha akasema, "Mzingo wa pili ni wangu."

Fundi aliangalia viatu vyake. Mwalimu alikohoa. Mimi nilisema sawa, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

5 Machi

Kazini mashine ya kukaushia imegoma. Nimekausha mashuka kwa pasi hadi kiuno kimenishika. Mume wangu analalamika ameokota uzi kwenye chai. Nimemwambia anywe, ni pamba safi.

9 Machi, Jumamosi

Nimekabidhi kitovu. Nimeshona almasi za buluu, mashuka ya hospitali yaliyotupwa nikayatia nili. Binti alinyoosha mkono kunipokea. Bi Mshazari naye alinyoosha wa kushoto, akauacha hapo hewani, na nikampa yeye.

14 Machi

Mvua. Hakuna zaidi.

19 Machi

Nimepita kwa Bi Mshazari baada ya kazi. Chumba chake ni kitanda, meza, na ile cherehani ya kukanyaga iliyomsomesha binti huyo huyo anayetaka kuiuza. Kwa sasa imefunikwa gazeti.

Nimemwona anavyoshona. Mkono wa kulia anauweka juu ya kitambaa kama jiwe la kuzuia karatasi zisipeperuke. Sindano anaishika kwa kushoto, mkono ambao maisha yake yote haukuwahi kufanya zaidi ya kushika. Anachoma, anavuta, uzi unakataa, anatukana kidogo, anavuta tena. Mshono mmoja mrefu, mmoja mfupi, wa tatu umeenda kutembea. Nilikaa juu ya mikono yangu ili nisimnyang'anye.

Alichoniomba ni kimoja: nitunge uzi kwenye sindano zote alizonazo, nizichomeke kwenye mto wa sindano zikae tayari, kwa sababu tundu la sindano ndilo linalomshinda kabisa. Nilipomaliza nikauliza kama kuna lingine.

"Lingine nenda kampikie mumeo," akasema.

23 Machi, Jumamosi

Bi Mshazari hajamaliza, ameomba wiki moja zaidi. Mwalimu alifungua kalenda ya simu, akaanza kutuhesabia tutachelewa wapi. Nikamwambia tumpe. Akasema hajasema tusimpe. Huyu mtu ana namna ya kuwa sahihi inayokufanya utamani awe amekosea.

30 Machi, Jumamosi

Ameleta.

Mvua ilikuwa imetulia, Fundi alifuta meza yake kubwa ya kukatia, tukautandaza. Mzingo mwekundu na rangi ya machungwa, magauni yake ya zamani aliyoyakata vipande vyembamba vya mshazari, umezunguka buluu yangu pande zote. Kwa mbali unawaka. Ukikaribia unaona mishono imelewa. Inapanda, inashuka, mahali pengine imerudi ilikotoka. Kipande kimoja kona ya juu kimekaa na ukunjo ambao hata mtoto wa darasa la kwanza angeuona.

Mimi niliupenda palepale, na sisemi hivyo kwa huruma. Nilimwona akishona. Kila mshono ule ni ubishi.

Mwalimu akatoa rula. Aliilaza juu ya ukingo, akaitazama, akasema, "Hapa imetoka nje ya mstari."

Nilimuuliza mstari upi, uliochorwa na nani. Akasema yeye anasema tu kinachoonekana, kwa sababu mzingo wake wa nne lazima ujue wa pili umelala vipi. Bi Mshazari wala hakukasirika. Alimwambia Mwalimu kwamba hata enzi za mkono mzima alikuwa nje ya mstari, na akamuuliza ameanza lini kushangaa.

Tulicheka wote isipokuwa Fundi. Fundi alikuwa ameinama juu ya ile kona yenye ukunjo, akiipapasa kwa kidole gumba. Binti, aliyekuwa mlangoni na mwavuli, alisema taratibu kwamba watu wa ukumbini watamcheka mama yake, na kwamba sisi ndio tutakaokuwa tumempeleka huko.

6 Aprili, Jumamosi

Mzingo wa tatu uko kwa Fundi. Anasema unaendelea. Leo amekuwa kimya kuliko kawaida yake. Bi Mshazari alituletea maandazi, tukayala na mikono yenye vumbi la godoro.

13 Aprili, Jumamosi

Mvua kubwa hadi maji yameingia karakana. Bi Mshazari ana mafua, hakuja. Fundi alimpa Mwalimu mfarishi ukiwa umekunjwa ndani ya nailoni mbili, tukaogopa kuufungua usilowe. Tukaondoka mapema.

17 Aprili

Mkuu wangu kazini anauliza kwa nini mashuka yanapotea. Hayapotei, yanachakaa. Nimemwonyesha matambara. Hajaamini, basi.

20 Aprili, Jumamosi

Barabara imejaa maji. Hatukukutana. Nimeshinda ndani na mzee wangu, tumegombana kuhusu redio.

27 Aprili, Jumamosi

Nina hasira, na nitaandika hadi ziishe.

Mwalimu amerudisha mfarishi na mzingo wake wa nne, kijani na nyeupe, pembetatu zote sawasawa, unaweza kuweka juu yake kikombe kilichojaa chai kisimwagike. Umependeza, siwezi kudanganya. Tukautandaza. Bi Mshazari alikuwa amepona, amevaa gauni zuri, kwa sababu ilikuwa siku ya kuuona wote mzima kwa mara ya kwanza. Alizunguka meza polepole. Akaweka kidole cha mkono wa kushoto juu ya mzingo wake mwekundu, akakitembeza. Akasimama. Akarudi nyuma, akakitembeza tena.

"Huu si mshono wangu," akasema.

Tukainama. Kweli. Mishono imenyooka kama imepanga foleni. Midogo, sawa kwa sawa. Ule ukunjo wa kona haupo. Vipande ni vyake, magauni ni yake, lakini kila uzi alioutia umetolewa na mwingine umetiwa mahali pake. Ukitazama kwa karibu unaona matundu ya zamani pembeni mwa mshono mpya.

Hakulia. Ingekuwa heri angelia. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, nani amefumua kazi yake. Mvua ikajibu kwenye mabati.

Mimi sikuhitaji kuuliza. Nilimgeukia Mwalimu. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo tangu mwezi wa tatu na mengine ya miaka ya nyuma. Kwamba rula yake imeingia kichwani. Kwamba anaona aibu kusimama ukumbini na mwenzake mgonjwa. Kwamba amezoea kusahihisha watoto wa watu kwa kalamu nyekundu na sasa amemsahihisha mtu mzima akiwa amelala na mafua. Mwalimu alisema hakufanya. Alisema mara moja tu, akakunja mkoba wake, akatoka na mvua bila mwavuli.

Binti ndiye aliyefunga hesabu. Alimshika mama yake begani, akamwambia, "Si nilikuambia, mama? Wanaona haya kuwa nawe. Twende nyumbani ukapumzike." Na Bi Mshazari, ambaye sijawahi kumwona akipelekwa popote, alipelekwa.

Fundi alibaki ameshika nguzo ya mlango. Nikambebesha lawama kidogo kwa kukaa kimya, kisha nikaukunja mfarishi nikaondoka nao.

28 Aprili

Bado nina hasira.

29 Aprili

Nimepita kwa Bi Mshazari. Binti alinifungulia, akaniambia, "Mama mdogo, mwacheni apumzike." Nyuma yake niliona maboksi. Cherehani imevuliwa gazeti na kufutwa vumbi, mnunuzi anakuja kuichukua baada ya maonyesho. Bi Mshazari alikuwa amekaa kitandani ametazama ukuta. Aliniitikia salamu na hakuongeza neno. Hilo liliniogopesha kuliko kiharusi. Kiharusi alikitukana.

1 Mei

Sikukuu, sikwenda kazini. Nikasema angalau niunyooshe mfarishi, kwa sababu nisipofanya kitu kwa mikono nitavunja vyombo.

Huwa ninapiga pasi upande wa nyuma kwanza. Nikaanza nje, mzingo wa Mwalimu: safi. Nikaingia wa tatu, wa Fundi: pasi ikaacha vidoa vidogo vya kung'aa kando ya mishono, kama mafuta, na harufu tamu ikapanda. Ninaijua harufu hiyo, na kila masika ninamgombeza Fundi kwa ajili yake. Uzi wake anausugua nta, kama anavyofanya kwenye makochi, usikatike. Joto likiugusa, nta inatoka.

Nikaingia mzingo wa pili. Vidoa vilevile. Harufu ileile. Pande zote nne.

Nilizima pasi nikakaa chini.

Kwanza sikufikiria Fundi wala Bi Mshazari. Nilifikiria mgongo wa Mwalimu ukienda kwenye mvua.

2 Mei

Nimekwenda karakana mchana, nikamkuta Fundi ana misumari mdomoni. Nikamwekea mfarishi mbele yake nikamwambia anuse. Akaitoa misumari mmoja mmoja, akaipanga mezani, akakiri.

Alisema alianza na kona moja tu, ile yenye ukunjo. Alisikia maneno ya binti kwamba watu watamcheka, yakamkaa. Mama yake mwenyewe, alisema, alipopata mkono kama ule watoto wa mtaa walimwigiza hadi akaacha kutoka nje. Basi akarekebisha kona. Kona ikafanya ya pembeni yake ionekane mbaya zaidi, akairekebisha nayo, na ya pembeni yake, mpaka akajikuta amezunguka mzingo mzima. Alidhani Bi Mshazari hatagundua. Alidhani atafurahi kuona kazi yake imependeza na atasahau kwamba haikuwa hivyo. Mtu ameshona miaka yote hiyo na anadhani mwenzake hatajua mshono wake.

Nikamuuliza kwa nini alimwacha Mwalimu atukanwe. Akasema nilikuwa nikipayuka sana, hakupata nafasi. Nilitaka kumpiga kwa kitambaa. Kisha nikaona ni kweli, nilikuwa nikipayuka.

3 Mei

Kumwomba Mwalimu msamaha. Nilivaa viatu mara mbili na kuvua mara mbili.

Alinikaribisha, akanipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho bila kunisaidia hata kwa kutikisa kichwa. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukitarajia. Aligundua siku ileile alipoufungua mfarishi nyumbani kwake. Aliona mzingo wa pili umenyooka mno. Alipima, bila shaka, na rula ikamwambia huyu si Bi Mshazari.

"Sasa kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Nilidhani mmekubaliana wenyewe kwa wenyewe," akasema. "Mimi huwa hamniambii mambo."

Alisema hivyo huku akinimiminia chai, bila kinyongo, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Na ni kweli hatumwambii mambo. Tunacheka na Fundi, tunanyamaza akiingia. Nimemjua mwanamke huyu masika mengi na leo ndiyo mara ya kwanza kukaa sebuleni kwake. Kuta zake zimejaa vipande vya mifarishi ambayo hajawahi kutuonyesha, na mmoja una duara. Nilimuuliza amepimaje duara. Tukakaa hadi chai ikapoa.

4 Mei, Jumamosi

Tumekwenda wote watatu kwa Bi Mshazari. Binti alitaka kutuzuia mlangoni, Mwalimu akamwamkia kwa ile sauti ya darasani, na binti akajikuta amesogea.

Fundi alipiga goti sakafuni, mwanamume mzima, akamwambia mama nimekukosea, ni mimi. Akaeleza kila kitu, hata habari za mama yake. Bi Mshazari, uso ukutani, hakumwambia ainuke.

Fundi alikuwa amekuja na wazo. Alisema sisi watatu tutafumua kitovu na mizingo yetu, tushone upya kwa mkono wa kushoto, iyumbe yote, ili wa kwake usionekane peke yake. Nami, Mungu anisamehe, niliona ni wazo zuri. Njiani nilikuwa nimetokwa machozi nikilifikiria.

Bi Mshazari aligeuka kutoka ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikamwona yeye mwenyewe.

"Mnataka kuniigiza?" akasema. "Hao watoto waliomwigiza mama yako walikuwa na tofauti gani na nyinyi? Mimi siyumbi kwa kupenda. Nashona hivi kwa sababu mkono nilionao ni huu. Wewe una mikono miwili, shona kwa miwili. Kila mtu alete mkono wake."

Kisha akataka alichokitaka: mzingo wake. Ufumuliwe, aushone upya mwenyewe, wote, kuanzia kona ile. Binti akasema mama, maonyesho ni wiki mbili, ule wa kwanza ulikuchukua tatu. Bi Mshazari akasema hakuuliza ni wiki ngapi.

Ndipo mimi nikatoa mkasi, na Mwalimu akanishika mkono. Akatukumbusha sheria: hakuna kufumua kazi ya mwenzio. Uzi ulio pale sasa ni kazi ya Fundi. Kwa hiyo si mimi, si yeye, wala si Bi Mshazari mwenye ruhusa ya kuugusa. Ni Fundi peke yake. Alilisema kwa uso mkavu kabisa, na Bi Mshazari akaangua kicheko, kile chake cha zamani cha kupiga paja, ila leo alipiga kwa mkono mmoja.

Basi Fundi akafumua. Alikaa pale sakafuni, akatoa kila uzi wake wenye nta, na Bi Mshazari alikaa kitandani akimsimamia. Alipomaliza, Mwalimu na mimi tukavishika vile vipande kwa pini, tukatunga uzi kwenye sindano, tukaziacha kwenye mto wake. Pamba na bitana vitasubiri.

8 Mei

Nimepita kutunga sindano. Amemaliza kona moja. Ukunjo umerudi, mkubwa zaidi. Nimemwambia. Akasema anaujua, wameshazoeana.

11 Mei, Jumamosi

Tumehamia kwake, karakana tumeifunga. Wanne kwenye chumba kimoja, magoti yamegusana. Mwalimu amemwambia Fundi habari za duara. Binti amepita kati yetu akibeba maboksi, amepita tena, na tena. Hakuna aliyesogea kumpisha na hakuna aliyeomba radhi.

15 Mei

Homa kidogo imemshika Bi Mshazari. Binti ananilaumu mimi. Amenisimamisha uani akaniuliza kama tunataka mama yake afe na sindano mkononi. Nilikuja tayari kwa ugomvi, na nilipomtazama nikaona anaogopa tu, miezi yote hii amekuwa akiogopa, na mimi nikamwita mkatili humu kichwani kwa sababu anafunga maboksi kwa haraka. Nikamwambia hapana, hatutaki. Lakini sindano nilizitunga.

17 Mei

Hajamaliza. Upande wa nne wote bado uko kwenye pini. Mratibu wa maonyesho amempigia Mwalimu simu kukumbusha: kazi isiyokamilika haipokelewi, na kazi ikishawekwa mezani haiguswi na mtu.

Tumeulizana tufanyeje. Bi Mshazari alituuliza ukumbi una viti au aje na chake.

18 Mei, Jumamosi

Tuliutandaza kwenye meza tuliyopewa, karibu na dirisha, pini zote zikionekana. Kushoto kwetu kulikuwa na vikapu, kulia vinyago vya sabuni. Bi Mshazari alikaa kwenye kiti cha plastiki, akavuta upande wa nne mapajani, akachoma sindano.

Mratibu alikuja mbio, tai imempanda begani. Aliongea na Mwalimu, kwa kuwa ndiye aliyeonekana wa maana. Mwalimu akamwelekeza kwa mwenye kazi. Mratibu akainama, akasema kwa adabu kwamba, mama, kazi hii haijaisha.

"Ndiyo, haijaisha," Bi Mshazari akasema. "Kwani mimi nimekwisha?"

Mratibu alipekua kanuni zake. Alikwenda kushauriana, akarudi na kijikaratasi kwamba meza yetu haimo kwenye mashindano, akakibandika mbele yetu. Fundi alitaka kukibandua. Nikamwambia akiache. Wakapotelee mbali na mashindano yao. Watu walikuwa wameanza kusogea, kwanza wawili, halafu mduara, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa na vitu vilivyokaa kimya na sisi tulikuwa na mtu anayeshona. Walitazama ule mkono wa kushoto. Baadhi walicheka, nitasema ukweli. Kijana mmoja alimgonga mwenzake kiwiko. Bi Mshazari aliwasikia, akavuta uzi. Fundi alisimama nyuma ya kiti chake amekunja mikono, na nikaona anajizuia asimsaidie.

Binti alikuwa kando ya nguzo na mkoba wake na dawa za mama yake. Mama mmoja aliyevaa vizuri, mtu wa heshima, alimsogelea, pengine aliona wanafanana sura. Nilikuwa karibu, nilisikia. Alimwambia kwa huruma nyingi kwamba wamtoe yule mgonjwa pale, wanamtesa mbele za watu, mtu wa hali ile mahali pake ni kitandani.

Ni maneno yaleyale. Binti ameyasema masika yote, kwetu na kwa mama yake na kwa majirani. Lakini kuyasikia kwenye mdomo wa mtu baki, nilimwona uso unabadilika.

"Mgonjwa nani?" akasema, na alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye vikapu. "Huyo ni fundi. Yuko kazini. Kama hutaki kuona kazi, pita."

Yule mama alipita. Bi Mshazari hakuinua kichwa. Alikuwa katikati ya mshono mbaya, uzi umejifunga, anaufungua kwa ukucha. Alimaliza kuufungua kwanza.

"Basi mwambie mnunuzi wa cherehani asijisumbue," akasema.

Binti aliziweka dawa juu ya meza, kando ya mto wa sindano, akatoa simu mkobani, na akatoka nje kwenye ngazi ambako mtandao unashika.